Maswali ya Wasomaji: Mtumbwi, Msitu na Watoto Wadogo

Likizo ya Agosti imekaribia, na barua nyingi zilizotufikia kutoka Mombasa na viunga vyake zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: vipi familia yenye watoto wadogo itapanga safari ya kupanda mtumbwi na kutembea msituni bila ya kuwatia watoto hatarini. Tumechagua barua nne, na majina ya walioziandika tumeyahifadhi kama walivyoomba.

SWALI: Mhariri, assalaam aleikum. Mimi na mume wangu tuna watoto watatu, wa miaka 4, 7 na 10. Watoto hawa waliona kwenye televisheni watu wakiteremka mto kwa mtumbwi, wakilala kando ya maji na kupanda vilima, na tangu siku hiyo hawana maneno mengine. Mume wangu ana jamaa zake Malindi, na anapendekeza tuteremke mto Sabaki kwa siku mbili mpaka baharini. Mimi nina wasiwasi, lakini sipendi kuwa mtu wa kuwavunja watoto moyo. Je, safari hii inafaa? (Mama wa watoto watatu, Mikindani)

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Wasiwasi wako una msingi, na ni bora niseme wazi tangu mwanzo kwamba Sabaki si mto wa kuteremka na watoto ndani ya mtumbwi, na Tana na Ramisi pia si mito ya kazi hiyo. Mito yote mitatu ina mamba, na Sabaki na Tana ina viboko pia. Kiboko hula majani, lakini akishtushwa majini, au mtumbwi ukimkatia njia ya kurudi penye kina, aweza kuupindua kwa pigo moja, na mtu mzima aliyepinduliwa hana muda wa kuwatafuta watoto watatu katika maji ya udongo yasiyoonyesha kitu. Huko Ramisi, upande wa kisiwa cha Funzi, wageni hupelekwa kwa boti kwenda kuwatazama mamba wakiota jua kwenye kingo, nami sioni vipi mahali ambapo mamba ndiye kivutio paweza kuwa pia mahali pa kumfunza mtoto wa miaka 7 kupiga kafi.

Yapo pia maji yenyewe. Maji ya Sabaki huanza safari yake mbali, katika nyanda za juu karibu na Nairobi, ambako mto huitwa Athi. Ukikutana na mto Tsavo huwa ni Galana, na ukikaribia Malindi ndipo watu wanapouita Sabaki. Kwa hiyo jua la Malindi halikuelezi lolote kuhusu mvua iliyonyesha bara siku chache zilizopita, na familia iliyopiga kambi kwenye mchanga wa kando ya mto yaweza kulala chini ya anga lenye nyota ikaamshwa na maji yaliyoingia hemani. Mpelekee mumeo hoja hii ya maji kabla ya ile ya mamba, kwani wanaume wengi wa pwani wakisikia habari za mamba hujibu kuwa wao wanawajua.

Kuna watu wanaosafiri kwa mashua za mpira katika Tana ya juu, pale Sagana, wakiongozwa na waelekezi waliofunzwa. Ni mbali na Mombasa, na watoto wa umri wa wako hawaruhusiwi kuingia katika maji yenye kasi, basi ngojeni wakue.

Kwa mwaka huu ningewapeleka Mida, karibu na Watamu. Ni mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, ulio ndani ya hifadhi ya bahari, na kwa kuwa mlango wake ni mwembamba, mawimbi ya nje hayaingii. Hakuna mto mkubwa unaomwagika humo, ndiyo maana maji yake si ya udongo kama ya Sabaki. Wakazi wa pale wana mitumbwi na waelekezi, na wamejenga daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, ambapo hata asiyetaka kuingia majini aweza kuwatazama kaa na ndege. Huenda ukauliza kwa nini nisiwashauri kubaki hapohapo jirani, katika maji ya Tudor mnayoyaona kutoka Mikindani. Sababu ni kwamba maji hayo hupokea maji taka ya mji, na mtoto akipanda mtumbwi hakosi kuyapeleka mdomoni.

Kabla ya kupanga gari na chakula, pangeni maji. Pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa za kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti baina ya maji makuu na maji yaliyokupwa hukaribia mita 4, mkondo huwa na nguvu, na sehemu kubwa ya Mida hubaki tope tupu. Tena siku hizo maji hujaa alfajiri na alasiri, kiasi cha saa kumi hadi saa kumi na moja, na hukupwa kabisa baina ya saa nne na saa tano asubuhi, wakati uleule ambao familia zinazotoka Mombasa ndiyo kwanza zinateremka garini. Wengi hurudi wakilalamika kwamba walipelekwa kuonyeshwa matope, ilhali kosa lilikuwa la siku waliyoichagua. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: mkondo hupoa, hata yakikupwa maji hayaondoki yote, na kujaa kwake huangukia baina ya saa tatu na saa tano asubuhi. Ikiwa mna kalenda ya Kiislamu ukutani, tazameni tarehe 7 hadi 9 na 22 hadi 24 za mwezi mwandamo, kisha mthibitishe saa kamili kwa jedwali la maji la Kilindini au kwa mvuvi wa Mida mwenyewe, kwa kuwa huko ndani maji huchelewa kidogo kujaa kuliko bahari ya nje.

Ingieni majini saa moja kabla ya maji kujaa na mwanze kurudi mara yanapoanza kugeuka, ili yawasaidie mkienda na yawasaidie tena mkirudi. Mwezi wa Agosti upepo wa kusi bado upo, na hushika nguvu kadiri jua linavyopanda, jambo ambalo ni sababu nyingine ya kupendelea asubuhi. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba, hali huwa nyepesi zaidi, na Aprili, likizo ya masika, mimi nisingeipangia safari hii hata kidogo.

Kwa mtoto wa miaka 4, saa moja ndani ya mtumbwi ni safari nzima. Kodini mitumbwi miwili yenye wenyewe, wewe na mdogo katika mmoja, mumeo na hao wakubwa katika wa pili, na wote mketi chini kabisa juu ya mkeka, watoto wakiwa katikati, maana mtumbwi wa mwembe hauna ukali wowote mpaka mtu asimame. Muulizeni mwenye chombo kama ana upo wa kufulia maji, na mpeni yule wa miaka 10 kazi hiyo rasmi. Mtoto mwenye kazi hasimami ovyo. Wavisheni raba kuukuu, kwa sababu mizizi ya mikoko ina chaza wanaokata kama wembe, na viatu vya kuchomeka vidole hubaki topeni.

Hao jamaa wa Malindi ndio hazina yenu katika mpango huu. Laleni kwao usiku wa kuamkia safari, kwani Malindi na Watamu ni jirani, nanyi hamtalazimika kuwaamsha watoto usiku wa manane. Alasiri, jua likipungua, wapelekeni kutembea katika magofu ya Gede, mji wa mawe uliostawi kuanzia karne ya 12 na kuhamwa katika karne ya 17, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Njia zake ni tambarare, zina kivuli cha miti mikubwa, na watoto hupenda kupita milango ya nyumba zisizo na mapaa. Vyakula tu vifungwe mkobani, kwa sababu ya kima.

SWALI: Mwanangu ataniletea wajukuu wawili, wa miaka 3 na 5, twende nao kupanda mtumbwi. Amenunua maboya ya kujaza pumzi, yale ya kuvishwa mikononi, na anasema yanatosha kwa vile maji yenyewe ni ya magotini. Tena mimi huvaa buibui. Nishauri mwanangu. (Bibi, Mji wa Kale)

JIBU: Shikamoo, bibi. Maboya ya mikononi ni ya mchezo wa ufuoni, mtoto akiwa ameshikwa. Hutoboka, huchomoka, na hayamwinui mtoto uso. Na hayo maji ya magotini ni magoti ya nani? Maji ya kifuu ni bahari ya chungu.

Kila mjukuu avishwe jaketi la kuokolea maisha la uzito wake, ambao huandikwa kwa kilo ndani ya jaketi. La mtu mzima likikazwa kwa kamba haliwi la mtoto, kwa sababu akianguka jaketi hubaki juu ya maji na mtoto huchomoka kwa chini. Kwa umri wa wajukuu wako, tafuta lenye kola inayoegemeza kichwa, ukanda unaopita baina ya mapaja, na mshipi wa nyuma wa kumshikia mtoto. Likishafungwa, mshike mtoto kwa mabega ya jaketi umnyanyue kidogo; jaketi likipanda mpaka masikioni, ni kubwa. Wenye vyombo wengi wana majaketi ya watu wazima tu, hata wale wanaofuata vizuri kanuni za Mamlaka ya Bahari ya Kenya, kwa hiyo uliza kwa simu siku kadhaa kabla, na usiridhike na jibu la «yapo» mpaka utajiwe kilo. Siku moja kabla ya safari, wapelekeni watoto ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta wakavae majaketi hayo na waelee mikononi mwa baba yao, kwani mtoto anayekutana na jaketi kwa mara ya kwanza ndani ya mtumbwi hulia na kutaka kulivua.

Wasifungwe kamba kwenye mtumbwi kwa hali yoyote. Mtumbwi wa mti ukijaa maji bado huelea, basi anayepinduliwa hukamatana nao akangoja, na aliyefungwa hawezi kuwekwa upande ulio salama. Mtoto wa miaka 3 awe na mtu mzima wake peke yake, asiye na kafi mkononi, na mwenye kumfikia bila ya kuinuka.

Kuhusu mavazi yako, buibui na dera ni nguo pana zinazobeba maji mengi na kuzingira miguu. Vaa suruali pana, kanzu isiyopita magoti na mtandio mfupi uliobanwa vizuri, na buibui umwachie atakayebaki nchi kavu, umkute nalo ukishuka. Jaketi livaliwe juu ya nguo zote. Na kama magoti hayakuruhusu kuketi chini kwa saa nzima, hakuna aibu kubaki kwenye daraja la mikoko. Gazi pia, upande wa kusini, kuna daraja zuri la mbao linalosimamiwa na akina mama wa kijiji, na kwa anayetoka mjini ni karibu kuliko Mida.

SWALI: Nataka kuwatembeza watoto wangu wa miaka 5 na 8 katika Shimba Hills mpaka kwenye maporomoko ya Sheldrick. Je, huyu mdogo ataweza? Na tubebe nini? (Baba, Likoni)

JIBU: Ndugu, ataweza kwenda, kurudi ndiko kwenye mjadala. Kutoka Elephant Hill, mahali pa kuanzia, mpaka kwenye maporomoko ni takriban kilomita 2, na njia yote ni ya kuteremka, kwa hiyo watoto hukimbia, hucheka na kufika wakiwa na nguvu. Mlima unawangoja wakati wa kurudi, jua likiwa limepanda na maji ya chupa yamepungua. Amua kabla hamjaondoka nyumbani ni nani atakayembeba mdogo, na mkoba wa mtu huyo uwe mtupu. Kanga mbili imara hufaa kuliko mikono, na baba anayeona haya kubeba mtoto mgongoni kwa kanga akumbuke kwamba huko msituni atakayemwona ni askari wa wanyamapori tu.

Askari huyo wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni wa lazima, kwa sababu Shimba ina tembo wengi. Pigeni simu mapema mjue saa za kuondoka, mfike langoni asubuhi, na malipo myafanye kwa mtandao wa serikali wa eCitizen mkiwa nyumbani, maana fedha taslimu hazipokelewi. Wiki moja kabla, cheza na watoto mchezo huu: ukisema «simama», kila mmoja asimame kimya mpaka umguse bega. Askari akiinua mkono njiani hatakuwa na nafasi ya kumweleza mtoto wa miaka 5 kwa nini.

Wavae suruali ndefu, na rangi nyeusi na buluu ziepukwe, kwa kuwa mbung'o huzifuata. Wafunzwe kutogusa mimea ya kando ya njia: upupu mmoja tu huimaliza safari, na mtoto aliyewashwa hujikuna akajipaka machoni. Kwenye maporomoko, ambayo maji yake huanguka zaidi ya mita 20, walowe miguu pembeni, wala wasisogee yanapoangukia maji, hasa baada ya mvua.

Chakula kisiwe wali wa nazi, ambao huchacha kwa joto la garini. Mahamri, mayai ya kuchemsha, ndizi na tende hukaa, na maji yawe mengi kuliko mnavyodhani, chupa moja ikifichwa na mkubwa kwa ajili ya kupandia kilima. Mkitoka, zungukeni kwa gari mkawatafute palahala, swala wakubwa wenye pembe ndefu zilizopinda, kwani hakuna mahali pengine nchini Kenya wanapopatikana.

Ukiona kilima hicho ni kizito kwa mwaka huu, Kaya Kinondo kule Diani ni matembezi mafupi ya tambarare, chini ya miti mikongwe. Ni mojawapo ya makaya, yaani misitu mitakatifu ya Mijikenda, yaliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008, na ni mahali pa ibada: utafungwa nguo nyeusi kiunoni, utamfuata mwelekezi, na hutachukua hata jani. Waeleze watoto hayo kabla ya kuingia, wasije wakatoka na mifuko iliyojaa mbegu.

SWALI: Mimi nimezaliwa pwani na kafi najua kuipiga. Kuna haja gani ya kumlipa mwenye mtumbwi aje nasi, wakati aweza kunikodisha mtumbwi nikawapeleka mwenyewe watoto wa dada yangu? (Mjomba, Kisauni)

JIBU: Mjomba, kupiga kafi ni sehemu ndogo ya kazi hiyo. Ndani ya mikoko vijia vya maji hufanana, na kile ulichoingilia kikiwa na kina cha mtu chaweza, saa mbili baadaye, kuwa tope linalomeza mguu mpaka pajani. Mwenye mtumbwi anakijua kijia kinachokauka kwanza na kile kinachokauka mwisho, na elimu hiyo huiwezi kuikodi pamoja na chombo. Isitoshe, huwezi kupiga kafi na kushika mtoto kwa wakati mmoja.

Mlipe, na mpatane naye mbele ya watoto kabla ya kuingia majini kwamba atapata malipo yake yote hata mkigeukia njiani. Asipokuwa na uhakika huo, atawaambia upepo ni mdogo ilhali anauona unakua, kwa sababu kugeuka kunamkosesha posho ya siku. Siku hiyohiyo mwachieni mtu wa nchi kavu majina yenu, idadi yenu na saa mnayotarajiwa, na simu yako ifunge katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Na huyo mwenye mtumbwi akikutazama asubuhi na kusema leo tusiende, msibishane naye; wapeleke watoto wakale viazi vya karai, kisha umuulize siku gani nyingine maji yatakuwa mazuri.